Sufuria Isiyo ya Sufuri: Dhima ya Floridi katika Kutoa Metali Mwambani

Utangulizi

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa majahazi, lakini yafaa vilevile kupelekwa jikoni. Katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, chombo kinachopikiwa wali wa nazi na biriani huitwa sufuria. Asili ya jina hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya shaba ya manjano, na Kiswahili chenyewe kina neno sufuri kwa maana ya shaba. Sufuria za kale zilikuwa za shaba kweli, nazo zilitiwa kalai kwa ndani ili shaba isichanganyike na chakula chenye uchachu. Sufuria nyingi za leo ni za alumini. Chombo kimebadili mwili, jina limebaki.

Badiliko hilo linazua swali. Alumini ndiyo metali iliyo tele kuliko zote katika gamba la dunia. Imo katika udongo wa mfinyanzi na katika miamba mingi. Mbona basi wanadamu walifua dhahabu, shaba na chuma kwa maelfu ya miaka, ilhali alumini haikupatikana hadi karne ya 19, na haikufika jikoni kwa bei nafuu hadi mwisho wa karne hiyo? Sehemu kubwa ya jibu imo katika kundi la chumvi ziitwazo floridi, ambazo wengi huzijua kwa sababu tu zimetajwa kwenye dawa ya meno. Makala haya yanadhamiria kueleza kazi ya chumvi hizo katika kutoa metali kwenye mbale, yaani mwamba wenye metali ndani yake. Aidha, yanalenga kuonyesha kwamba Mombasa haikuwa mbali na kazi hiyo.

Wahunzi wa pwani na mavi ya chuma

Ufuaji wa metali si jambo geni katika pwani hii. Mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, aliandika kuhusu watu wa Malindi na wa mji ambao wanahistoria wengi huutambua kuwa Mombasa, akasema kwamba walichimba chuma. Ingawa yeye mwenyewe hakufika, wanaakiolojia wamepata mabaki ya uyeyushaji wa chuma huko Galu, kusini mwa Mombasa.

Mhunzi wa kale alikuwa na tatizo moja kubwa. Mbale ya chuma haina chuma peke yake. Imechanganyika na mchanga na mawe. Mkaa na mivukuto vilitosha kuiondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma, lakini mchanga ulibaki. Tanuri lake lilifikia takriban nyuzi 1,200 za selsiasi, nao mchanga safi hauyeyuki hadi nyuzi 1,700 hivi. Kilichomwokoa ni kwamba sehemu ya chuma chenyewe iliungana na mchanga, ikafanya uoevu mzito ambao ulitiririka na kujitenga. Uoevu huo ukipoa huwa yale mawe meusi yenye matundu ambayo Kiswahili huyaita mavi ya chuma. Kwa maneno mengine, mhunzi alilipa: alitoa sadaka sehemu ya chuma ili sehemu iliyobaki itoke safi.

Kutokana na mfano huu inadhihirika kanuni ya kwanza ya somo hili. Kutoa metali si suala la moto tu. Ni suala la kupata kitu kitakachoufanya mwamba mkaidi ukubali kutiririka.

Kiyeyushi kama mshenga

Kitu hicho makala haya yanakiita kiyeyushi. Mfano wake ulio karibu zaidi na msomaji wa Mombasa ni chumvi ya boraksi inayotumiwa na sonara. Sonara aungapo mkufu wa dhahabu, huipaka boraksi mahali pa kiungo kabla ya kuelekeza moto. Boraksi huyeyuka, huondoa uchafu ulioganda juu ya metali, na kuiachia kalai nafasi ya kupita. Kazi ikiisha, boraksi huoshwa ikatupwa. Hakuna avaaye boraksi shingoni. Kiyeyushi ni kama mshenga: huwaunganisha au huwatenganisha wahusika, kisha huondoka harusini bila ya mke wala mume.

Floridi inayofanya kazi kama hiyo kwa kiwango cha viwanda ni jiwe liitwalo fluospa, ambalo kikemia ni floridi ya kalisi. Jina hilo lina asili ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutiririka. Mtaalamu wa migodi wa Ujerumani, Georgius Agricola, alilieleza katika maandishi yake ya mwaka 1530 kuwa jiwe linalotiwa tanurini ili mbale ilainike. Elementi ya florini ilipata jina lake kutokana na jiwe hili, si jiwe kutokana na elementi. Kazi ilitangulia, jina likafuata.

Katika viwanda vya chuma cha pua na feleji nyingine, chokaa hutiwa tanurini ili ifyonze salfa na fosforasi, ambazo huifanya feleji iwe dhaifu. Chokaa peke yake haiyeyuki hadi inapozidi nyuzi 2,500. Kiasi kidogo cha fluospa huilainisha ikatiririka mapema, hivyo ikagusana na feleji iliyoyeyuka na kufanya kazi yake ya kusafisha.

Kisa cha alumini

Mbale ya alumini huitwa boksaiti. Kwanza husafishwa kwa magadi makali ili ipatikane alumina, unga mweupe ambao ni alumini iliyoungana na oksijeni. Muungano huo ni imara mno. Mkaa hauwezi kuuvunja kwa urahisi kama uvunjavyo mbale ya chuma, na umeme hauwezi kupita katika unga mkavu. Ungelazimika kuyeyushwa, nao huyeyuka kwenye nyuzi 2,072. Kuendesha kiwanda katika joto hilo ni ghali na ni vigumu.

Mwaka 1886 vijana wawili, Charles Martin Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa, kila mmoja bila ya kumjua mwenzake, waligundua njia ya kulizunguka tatizo hilo. Badala ya kuiyeyusha alumina kwa moto, waliiyeyusha ndani ya floridi iliyoyeyuka, kama chumvi iyeyukavyo majini. Floridi yenyewe ni krayolaiti, yenye sodiamu, alumini na florini. Ikiongezwa floridi ya alumini, mchanganyiko huo hufanya kazi kwenye nyuzi 960 hivi, chini ya nusu ya joto ambalo alumina ingehitaji. Umeme hupitishwa humo. Oksijeni huungana na kaboni ya nguzo na kutoka kama hewa ya kaboni dayoksidi. Alumini, kwa kuwa ni nzito kidogo kuliko krayolaiti, huzama chini na kufyonzwa.

Krayolaiti ya asili ilichimbwa Greenland hadi mgodi wake ulipofungwa mwaka 1987. Kwa hiyo viwanda hutegemea floridi zinazotengenezwa, na chanzo chake kikuu ni fluospa. Jiwe hilo husagwa na kuchanganywa na asidi ya salfuriki ili kupata asidi ya hidrofloriki, na kutokana na asidi hiyo hutengenezwa floridi ya alumini. Kila tani ya alumini huhitaji takriban kilo 15 hadi 20 za chumvi hiyo ili kufidia inayopotea. Ikumbukwe pia kwamba tani hiyo hiyo hula umeme wa kilowati-saa 13,000 au zaidi. Ndiyo maana viwanda hivi hujengwa penye umeme mwingi wa bei nafuu: Bahrain tangu mwaka 1971, Dubai tangu 1979, na Sohar nchini Oman tangu 2008. Hizi ni pwani zilezile ambazo majahazi ya Mombasa yalizijua kwa pepo za kaskazi na kusi.

Jiwe lililopita Mombasa

Hapa ndipo kisa kinaporejea nyumbani. Tangu miaka ya 1970, fluospa ilichimbwa Kimwarer, katika Bonde la Kerio, eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Jiwe lilisagwa na kutiwa majini pamoja na kemikali za jamii ya sabuni, kisha likapulizwa hewa. Chembe za fluospa zilishikamana na mapovu zikaelea juu, na mchanga ukazama. Unga uliopatikana ulikuwa na usafi wa takriban asilimia 97, kiwango kinachotakiwa na viwanda vya asidi. Katika miaka mizuri uzalishaji ulikaribia tani 100,000 kwa mwaka.

Mzigo huo ulisafirishwa hadi Bandari ya Kilindini, upande wa pili wa kisiwa kilekile chenye Mji wa Kale, ukapakiwa melini na kwenda Asia na Ulaya. Alumini ilirudi kupitia bandari hiyohiyo, ikiwa tayari kupigwa sufuria. Hivyo Mombasa iliuona mwanzo wa safari na mwisho wake. Haikuiona katikati, na katikati ndiko thamani iliko. Mgodi ulisimamisha kazi mwaka 2016 bei zilipoanguka, na mkataba wa kukodi ardhi ukafikia ukomo mwaka 2018. Suala la fidia kwa jamii zilizohamishwa ili mgodi uchimbwe lilidumu kwa miongo kadhaa.

Kolta ya mashariki mwa Kongo ina kisa kinachofanana. Mbale hiyo ina tantalumu, metali ya simu na tarakilishi. Tantalumu huhimili asidi nyingi, lakini asidi ya hidrofloriki huiyeyusha. Mwaka 1866 mkemia wa Uswisi, Marignac, aliitumia floridi kuitenganisha tantalumu na niobi, ndugu yake wa karibu. Hadi leo viwanda hupitia njia ya floridi.

Madhara yake

Kinachoulainisha mwamba hakiuhurumii mwili. Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi, mara nyingine bila ya maumivu makali mwanzoni, ikaifunga kalisi iliyomo mwilini. Hata jeraha dogo linaweza kuuathiri moyo. Moshi wa floridi kutoka viwandani huanguka nyasini na kudhuru meno na mifupa ya ng'ombe, na kwa sababu hiyo viwanda vya kisasa huupitisha moshi huo katika unga wa alumina, ambao huinasa floridi na kuirudisha kazini.

Wakenya wengi wanaijua athari hii bila ya kiwanda chochote. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, miamba ya volkano huyatia maji floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokulia huko huota meno yenye madoa ya kahawia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba floridi haimo katika sufuria, ila bila yake sufuria ya alumini isingepatikana kwa bei ya mpishi wa kawaida. Kazi yake ni ya mshenga: kuufanya mwamba utiririke, kisha kujitenga.

Somo hili linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili. Mara nyingi hudaiwa kwamba lugha hii haina maneno ya kuielezea sayansi. Hata hivyo, maelezo yaliyotangulia yameegemea mbale, tanuri, mivukuto, kalai na mavi ya chuma, ambayo yote ni maneno ya mafundi, si ya kamati. Pengo halisi liko katikati, palepale lilipo pengo la kiuchumi: katika hatua ambazo jiwe lilizipitia likiwa ng'ambo. Kazi isiyofanyika nyumbani haizai msamiati nyumbani. Basi kabla ya kubuni istilahi mpya, inafaa mtafiti aketi na sonara na mhunzi, asikilize wanavyoiita kila hatua ya kazi yao, na ayaandike maneno hayo wangali hai. Sufuria ilipoteza sufuri yake pasi na mtu kuandika lini. Hasara ya namna hiyo si lazima irudiwe.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya kuyeyusha kwa moto na kuyeyusha ndani ya kitu kingine, ukirejelea chuma na alumini.
2. Taja maneno matatu ya Kiswahili ambayo, kama sufuria, yamebaki ilhali kitu chenyewe kimebadilika.
3. Je, mfano wa mshenga unatosha kueleza kazi ya kiyeyushi? Unapungukiwa wapi?