Sauna ya Infraredi: Mchezaji wa Mbeya na Iringa Anapata Nini?

Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu mita 1,600. Mwezi wa Juni na Julai, alfajiri ya huko inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mchezaji aliyezoea hali hiyo akiteremka Dar es Salaam kwa mechi ya saa kumi alasiri, hukutana na karibu nyuzi 30, pamoja na unyevunyevu unaozuia jasho kukauka. Mtaalamu wetu wa afya ya michezo anajibu maswali kuhusu sauna ya infraredi na nafasi yake katika mazoezi.

Ina tofauti gani na sauna ya kawaida?

Sauna ya Kifini hupasha hewa kwanza, hadi nyuzi 80 au 100, kisha hewa hiyo ndiyo ikupashe wewe. Ya infraredi ni chumba kidogo cha mbao chenye paneli za umeme. Mionzi yake hupasha ngozi moja kwa moja, huku hewa ikibaki kwenye nyuzi 45 hadi 60. Ni kama kuota jua asubuhi ya Julai pale Uyole, Mbeya: hewa inauma kwa baridi, lakini upande uliouelekeza kwenye jua unapata moto.

Ni kweli mionzi hiyo hupenya hadi mifupani na kutoa sumu mwilini?

Hapana. Mionzi ya infraredi ya mbali, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, huishia kwenye tabaka la juu la ngozi. Damu inayopita hapo ndiyo inayobeba joto kwenda ndani. Jasho ni maji na chumvi. Kusafisha mwili ni kazi ya ini na figo. Na ile kilo inayopungua kwenye mizani ni maji, ukinywa inarudi.

Basi inasaidia misuli kupona?

Inasaidia kidogo. Watafiti wa Jyväskylä, Finland, waliwapima wachezaji 16 wa kikapu waliokaa dakika 20 kwenye sauna ya infraredi ya nyuzi 43 hivi baada ya mazoezi ya nguvu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba siku iliyofuata maumivu ya misuli yalikuwa machache, na uwezo wa kuruka haukushuka sana. Lakini usiingie kama msuli umechanika au kifundo kimeteguka leo. Joto huongeza damu inayokwenda pale na uvimbe unaweza kuzidi. Subiri siku mbili au tatu.

Na pumzi je?

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mtu wa nyanda za juu. Mwili ukipashwa moto siku baada ya siku hujifunza: plazima, yaani majimaji ya damu, huongezeka, jasho huwahi kutoka, na mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile. Mwaka 2007 watafiti wa New Zealand waliwaweka wakimbiaji sita kwenye sauna ya kawaida kwa nusu saa hivi baada ya mazoezi, karibu mara 13 ndani ya wiki tatu. Plazima iliongezeka kwa asilimia 7, na wakakadiriwa kunufaika kwa asilimia 2 hivi kwenye mashindano. Asilimia 2 ni sekunde 20 na zaidi kwa anayekimbia kilomita 5 kwa dakika 18.

Infraredi ina moto mdogo zaidi, kwa hiyo ukitaka mabadiliko hayo, ingia mara tu baada ya mazoezi, mwili ukiwa bado umechemka.

Umuhimu wa kuzoea joto tuliuona Tokyo, Septemba 2025. Waandaaji waliwahisha kuanza kwa mbio za marathoni kwa sababu ya joto, na Alphonce Simbu akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha.

Nina mechi Dar. Nianze lini?

Siku 10 hadi 14 kabla. Mabadiliko mengi hutokea ndani ya muda huo, na ukiacha huanza kupungua baada ya siku chache. Anza na dakika 10 hadi 15, panda polepole hadi 30.

Sina sauna. Nifanyeje?

Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, kilijaribu maji ya nyuzi 40. Wakimbiaji walijizamisha hadi shingoni baada ya mazoezi, kwa muda usiozidi dakika 40, siku sita mfululizo. Muda wao wa kilomita 5 kwenye joto ulipungua kwa karibu asilimia 5. Pipa safi na kipimajoto vinatosha. Awepo mtu karibu, na unyanyuke taratibu usije ukaanguka kwa kizunguzungu. Usijaribu chemchemi za maji moto za Songwe bila kupima: baadhi ya maji yake hutoka yakiwa na zaidi ya nyuzi 70.

Kosa la kuua ni kujifungia chumbani na jiko la mkaa ili kutoa jasho. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nawe unalala usiamke.

Nani asiingie?

Mjamzito, mwenye homa, na aliyekunywa pombe, ulanzi ukiwemo. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za presha amwone daktari kwanza. Mwanamume anayetafuta mtoto ajue kwamba joto la mara kwa mara hupunguza mbegu kwa miezi kadhaa.

Maji kiasi gani?

Jipime kabla na baada. Kila kilo iliyopungua inahitaji lita moja na nusu hivi, kwa awamu, pamoja na chakula chenye chumvi.

Klabu yetu ina fedha kidogo. Tununue sauna?

Bado. Kwanza wachezaji wale vizuri na walale kwa muda wa saa nane. Pili, timu ifike Dar siku mbili tatu kabla ya mechi badala ya kushuka kwenye basi usiku wa kuamkia siku hiyo. Tatu, nunueni mapipa na kipimajoto. Fedha ikibaki baada ya hayo, tuzungumze sauna.