Kuvua kambale kwa ndoano ukiwa ukingoni: mambo ya kuanzia

Mavuno yakishaingia ndani, wapo vijana wa huku Iyula wanaoteremka bondeni, upande wa Kamsamba, Mto Momba na Ziwa Rukwa, kutafuta kitoweo. Mtumbwi hawana, nyavu hawana. Kumpata kambale uzi na ndoano vinatosha, ila usipojua pa kusimama unaweza kufuata kitoweo ukageuka kitoweo cha mamba. Kwa hiyo somo la leo tulichukulie kwa uzito.

1. Mjue kambale
Kambale hana magamba, na mdomoni ana sharuba nane. Chakula anakitafuta kwa sharuba na harufu kuliko kwa macho, ndiyo maana anaishi vizuri kwenye maji ya tope. Hupenda maji yaliyotulia, kwenye kona za mto na kando ya magugu.

2. Vifaa na chambo
- Uzi imara wa nailoni. Kambale mkubwa ana nguvu, uzi wa kuvulia perege wadogo ataukata.
- Ndoano ya ukubwa wa kati, yenye ncha kali.
- Risasi ndogo, shubiri moja juu ya ndoano, ili chambo kikae chini.
- Kigingi cha kufungia mwisho wa uzi.

Chambo ni minyoo, utumbo wa kuku au kipande cha samaki. Kinachonuka ndicho kizuri.

3. Pa kusimama
Mamba huvizia palepale maji yanapokutana na nchi kavu, na hujifunza mazoea ya watu. Basi:
- Kaa hatua kadhaa nyuma ya maji, mahali pa wazi na palipoinuka. Usichuchumae ukingoni.
- Usirudi sehemu ileile kila siku, wala usikae kwenye njia ya kiboko.
- Uzi usiufunge mkononi wala kiunoni. Funga kwenye kigingi.
- Ndoano ikinasa kwenye gogo, kata uzi. Ndoano ni ya bei ndogo, mguu haununuliwi.
- Usipasulie samaki ukingoni. Damu na utumbo vinamwita mamba.

Ni kweli kambale hula zaidi usiku. Lakini wewe unayeanza, vua asubuhi kukishapambazuka au alasiri, giza likikaribia ondoka. Na usiende peke yako.

4. Kumtoa majini
Uzi ukianza kwenda usikurupuke. Mwache ameze, kisha vuta kwa mkupuo mmoja na uendelee kuvuta bila kulegeza. Mburute mpaka mbali na maji ndipo umshike. Angalia mapezi ya kifuani, kila moja lina mwiba mgumu unaochoma vibaya. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba hiyo. Kambale anaweza kuvuta hewa ya nje, hivyo ukimweka kwenye gunia lenye unyevu anakaa muda mrefu akiwa hai. Kamsafishie nyumbani.

5. Mbegu ya kesho
Mvua za kwanza zikijaza mbuga, kambale hupanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji kutaga. Ni rahisi sana kuwakamata wakati huo, na hapo ndipo tunapojimaliza wenyewe. Jike mmoja hubeba maelfu ya mayai. Ukimpata mwenye tumbo lililojaa mayai, mrudishe. Mkulima halili mbegu, na mvuvi ni vivyo hivyo.

Sumu na baruti vimekatazwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003. Kabla ya kutupa ndoano, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri ya huko uendako akueleze habari ya leseni na kama kuna kipindi cha kufunga uvuvi. Ziwa Tanganyika, kwa mfano, lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane.

Ukianza na ndoano moja na tahadhari zote hizi, kitoweo kitapatikana, na wewe utarudi nyumbani mzima.