Mazimwi ya Kijapani, Nunda na Mango: Tathmini ya Awali ya Mchezo wa Video wa Nioh

Ni ada ya wahakiki wetu kuigawa fasihi mara mbili, simulizi na andishi, kisha kubishana kuhusu mpaka uliopo baina yake. Michezo ya video huachwa nje ya mjadala huo, ikidhaniwa kuwa ni pumbao la watoto. Makala haya yanauchunguza mchezo mmoja, Nioh, kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi. Tathmini ni ya awali kwa maana halisi ya neno hilo, kwani inajikita katika sehemu mbili za mwanzo tu: ile ya Mnara wa London na ile ya kisiwa cha mazimwi huko Kyushu. Swali letu ni hili: je, msomaji aliyelelewa kwa ngano na tendi za Afrika Mashariki ana zana za kuuhakiki mchezo kama huu? Kwa maoni yangu anazo, na mojawapo inapatikana papa hapa Bungoma, si mbali na Myanga.

Nioh uliundwa na Team Ninja, tawi la kampuni ya Kijapani ya Koei Tecmo, ukatolewa Februari 2017 kwa mashine ya PlayStation 4. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza mwaka 2004, chimbuko lake likiwa mswada wa filamu ambao Akira Kurosawa hakuukamilisha. Mhusika mkuu, William, amesawiriwa kutokana na mtu halisi, William Adams, baharia Mwingereza aliyefika Japani mwaka 1600 kwa merikebu ya Kiholanzi iitwayo Liefde na hatimaye akawa mshauri wa Tokugawa Ieyasu. Adams wa historia hakupigana na mazimwi. William wa mchezo hana kazi nyingine.

Jambo la kwanza atakalolitambua mgeni ni kwamba atakufa, na atakufa mapema. Si jitu litakalomwua. Askari wa kawaida mwenye mkuki anatosha. Upanga una mikao mitatu: wa juu wenye pigo zito, wa kati wa kujikinga, na wa chini wa wepesi. Kila pigo hula kitu kiitwacho ki, ambacho mimi nakifasiri kuwa pumzi. Pumzi ikikatika, shujaa husimama akihema huku adui akimmaliza. Hata hivyo, mchezaji akibonyeza kitufe kwa wakati barabara baada ya pigo, sehemu ya pumzi humrudia. Hapa ndipo ulipo uhondo wote wa mchezo: ni suala la mahadhi, na anayepapatika hupotea. Akifa, hurudi kwenye kihekalu alichopumzika mara ya mwisho, maadui karibu wote wakiwa wamefufuka. Amrita, yaani nguvu aliyokuwa ameikusanya, hubaki pale alipoangukia. Akifa tena kabla ya kuifikia, imepotea.

Tukiuweka utaratibu huu kando ya utendi, tofauti inadhihirika. Fumo Liyongo hufa mara moja tu, na kifo chake kina siri: sindano ya shaba kitovuni, mkononi mwa mwanawe. Kifo cha Liyongo ni kilele cha kisa. Katika Nioh kifo ni takriri, na kama takriri yoyote katika fasihi simulizi, kila mrejeo una nyongeza kidogo ya maarifa.

Ulinganisho ulio karibu zaidi naona ni ule wa ngano ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliichapisha katika mkusanyo wake wa 1870. Humo kijana anaenda kumsaka nunda mla watu. Kila anapoua mnyama humletea mama yake akidhani ndiye, naye mama humkanusha. Basi kijana hutoka tena kumtafuta mnyama mkubwa zaidi. Muundo huo wa kupanda ngazi ndio muundo wa Nioh. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba lile jitu kuu linalolinda mwisho wa kila sehemu, ambalo vijana huliita "bosi", tuliite nunda. Bosi ni mtu wa ofisini. Nunda hula watu.

Nunda wa kisiwa cha kwanza, Onryoki, ni zimwi lenye mapande ya chuma yaliyofungwa kwa minyororo mikononi. Aendaye kwa pupa hamwezi. Aliyenikumbusha namna ya kumkabili ni Mango, shujaa wa Wabukusu. Mango alipoazimia kuliua joka lililokuwa likiangamiza watu, hakulikimbilia kwa kelele. Alijifunza desturi zake, akajificha pangoni lenyewe likiwa halipo, akalingoja na upanga. Kwa kitendo hicho, masimulizi yanasema, alipata idhini ya kutahiriwa, na ndipo tohara ya Wabukusu ilipoanzia. Kitu ambacho masimulizi hayo hayakitaji kwa urefu ni wote walioliwa kabla yake, ambao kwao jamii ilijifunza tabia za joka. Nioh huwaonyesha: makaburi mekundu ya wachezaji wengine yametapakaa njiani, kila moja likieleza mwenyewe alikufaje.

Kuna kikwazo cha kimaisha. Katika vibanda vya gemu vya miji yetu midogo, mteja hununua muda au mechi, na padi hupokezanwa. Kandanda hufaa mno biashara hiyo. Mchezo unaomtaka mtu afe mara thelathini mahali pamoja ni ghali kwa mlipaji na ni kero kwa anayengoja zamu. Kikwazo cha pili ni lugha, kwani Nioh hauna Kiswahili hata katika maandishi ya chini ya skrini.

Na bado mchezo huu unatuhusu kuliko unavyoonekana. Humo yumo mpinzani mweusi aliyesawiriwa kutokana na Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na padri Mjesuti Alessandro Valignano. Maandishi ya Kijesuti ya 1627 yanasema alitoka Msumbiji, mwambao ambao Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, huzungumzwa hadi leo. Oda Nobunaga alipomwona Kyoto mwaka 1581, aliamuru asuguliwe mwili ili ahakikishe rangi si wino. Kisha akampa posho, nyumba na upanga mfupi. Mwaka 1582, Nobunaga alipovamiwa na Akechi Mitsuhide katika hekalu la Honnō-ji, Yasuke alipigana kabla ya kusalimisha silaha yake. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote.

Katika Nioh Yasuke ni mtu wa kupigwa. Katika Assassin's Creed Shadows, mchezo wa Ubisoft uliotolewa Machi 2025, ni mmoja wa wahusika wakuu wawili. Usawiri huo ulivyobadilika ndani ya miaka minane, na ni nani aliyeubadilisha, ni mada inayomngoja mwanafunzi wa uzamili mwenye pumzi ndefu.