Dondoo muhimu: Programu ya wavuti isiyomchosha mtumiaji

- Anza na simu ya bei nafuu. Jaribu programu humo, kwa mtandao wa 3G, kabla ya kompyuta.
- Jiandae mtandao ukikatika. Skripti inayofanya kazi chinichini ihifadhi kurasa muhimu kwenye simu. Bila HTTPS skripti hiyo haitafanya kazi.
- Linda alichojaza mtu. Fomu isipotumwa, ihifadhi na umweleze wazi kuwa itatumwa mtandao ukirudi.
- Kuza vitufe. Pikseli 48 kwa 48 humtosha mwenye kidole kinene.
- Weka ikoni mbili, za pikseli 192 na 512, ili programu ionekane vizuri kwenye skrini.
- Usiharakishe maombi. Mwombe mtumiaji asakinishe programu au akubali arifa baada ya kuona faida yake.