Bata wa mtoto kagongwa na lori: Tumtibu au tumchinje?

Isaka ni mji wa njia panda. Reli ya Tabora kwenda Mwanza inapita hapo, bandari kavu ipo hapo, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo usiku na mchana yakitokea Tinde kuelekea Kahama. Mvua zikinyesha madimbwi hujaa kando ya lami, na bata wa watu huyafuata. Ndugu msomaji, bila shaka umeshajua kisa hiki kinakoelekea.

Nilikuwa mgeni katika nyumba moja ya mji huo. Binti wa nyumba ile, mtoto wa miaka tisa, alikuwa na bata jike aliyepewa na bibi yake tangu akiwa kifaranga. Bata huyo naye alikuwa na vifaranga sita. Siku moja baada ya Alasiri lori likampitia. Bawa moja lilivunjika, na mguu wa kulia ulisagika hadi mfupa ukatokeza nje. Binti akamleta nyumbani amemfunga kwenye khanga ya mama yake, na vifaranga wakifuata nyuma.

Baraza likaketi. Kijana mmoja akasema apigwe kichwani na rungu, yaishe. Mwingine akasema achinjwe haraka, kitoweo kimejileta chenyewe. Mama akasema awekwe kivulini nyuma ya nyumba, kwa kuwa mwenye roho yake ni Mwenyezi Mungu. Binti yeye alitaka bata wake apelekwe hospitali. Maneno yakawa mengi, Magharibi ikaingia, na kwa kuwa hakuna lililokatwa, likapita lile la mama. Bata akalala usiku kucha na mguu wake ule.

Huenda msomaji akauliza, gazeti zima linahangaika na bata mmoja? Naomba nimkumbushe hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim kuhusu mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumkata. Alimfungia tu, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kosa lake lilikuwa kutofanya lolote juu ya kiumbe kilichokuwa mikononi mwake. Kwa hiyo katika rai zote zilizotolewa pale barazani, ile iliyosikika kuwa ya kicha Mungu zaidi ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Roho ni ya Allah, sawa, lakini maumivu ya usiku ule yalikuwa amana yetu sisi tuliokuwa tumelala.

Asubuhi tukamwita ustadh wa msikiti wa jirani. Binti akamwamkia, "Shikamoo ustadh." Akajibu, "Marahaba mwanangu, nionyeshe mgonjwa wako." Nililipenda jibu lile. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, kwa kumuuliza habari za kindege chake, naye mtoto yule alikuwa amefiwa na kindege hicho. Aliyebeba ujumbe wa walimwengu wote alipata nafasi ya kumliwaza mtoto kwa ndege. Wazazi wengi wa mijini tunamwambia mtoto, "Nyamaza, nitakununulia mwingine."

Ustadh hakutoa fat'wa papo hapo. Alisema hukumu inafuata hali ya mnyama, na hali ya mnyama anaijua mtaalamu, basi aitwe bwana mifugo. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hukimbilia kisu au hukimbilia dawa bila kumtazama ndege mwenyewe.

Bata mwenye bawa lililovunjika si lazima afe. Mtu hamfugi bata ili aruke. Bawa likikunjwa mahali pake na kufungwa pamoja na mwili kwa kitambaa laini, bila kumbana kifua asishindwe kupumua, mfupa huweza kuunga katika wiki mbili au tatu. Jeraha dogo husafishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Ndege huwekwa kwenye boksi mahali penye giza na utulivu, apate maji ya kunywa. Akila na akitupa macho huku na huko, hiyo ni dalili njema. Mguu ni jambo jingine. Bata ni mzito, na kila hatua inaegemea miguu miwili ile. Mfupa ukishatoka nje, nyama ikawa baridi na kutoa harufu, nzi wakataga mayai, tiba huwa ndefu na matumaini huwa madogo. Na akiwa amevunjika mgongo, miguu yote imelegea, hapo hakuna cha kufunga.

Jambo moja ambalo hata wafugaji wazoefu husahau: ukishampa ndege dawa za kuua vijidudu, nyama yake hailiwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye dawa. Mtu anayeanza tiba "halafu tutaona" ajue kwamba kwa siku hizo ameshalifunga jiko.

Sasa tuje kwenye sheria. Bata ni halali kuliwa, na hapo ndipo penye faraja. Punda akivunjika mguu mizani yake ni nzito, kwa kuwa vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, vinakataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, japokuwa wapo wanachuoni wa madhehebu mengine walioruhusu. Bata hana tatizo hilo. Mwenye kumiliki mnyama anayeliwa anatakiwa amhudumie, na akishindwa amuuze au amchinje. Kumwacha tu si mojawapo.

Sura ya Al-Maidah, katika aya ya 3, imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa au kuanguka, ikavua yule aliyewahiwa kuchinjwa. Tena imo katika Bukhari habari ya kijakazi wa Kaab bin Malik aliyekuwa akichunga mbuzi na kondoo kwenye mlima Sal', karibu na Madina. Alipoona mmoja anakaribia kufa alivunja jiwe akamchinja kwa ncha yake, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa akaamrisha aliwe. Mwanamke yule, peke yake malishoni, hakungoja baraza.

Lakini kuwahi kuna mpaka wake. Mashafi wamesema mnyama aliyeumizwa kwa ajali lazima wakati wa kuchinjwa awe bado na uhai uliotulia, na dalili yake ni kutikisika kwa nguvu au damu kuruka baada ya kisu. Wengine wamelegeza wakasema alama yoyote ya uhai inatosha. Vyovyote vile, anayesubiri mpaka ndege abakiwe na pumzi za mwisho anajitafutia kibudu. Na rungu la yule kijana lingemfanya kibudu palepale. Hata kiungo kilichokatika mnyama akiwa hai ni nyamafu, hakiliwi ijapokuwa mwenyewe atachinjwa baadaye.

Bwana mifugo akaja na pikipiki mnamo saa nne. Alimshika bata kwa upole, akasema bawa angeweza kulifunga, ila mguu ulikuwa umekwisha na nzi walikuwa wameshaanza kazi. Angekuwa wake, asingemtesa kwa tiba. Mama akauliza, "Na jana jioni?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Jana ningejaribu kuukata nikamfunga. Wapo wanaoishi na mguu mmoja. Leo hapana." Hatukuwa na la kujibu.

Ustadh akamweleza binti mwenyewe, wala si mama yake. Hakumficha. Alimwambia bata wake anaumia, na kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kisu kinolewe vizuri, mnyama apumzishwe, na kisu kisinolewe mbele ya macho yake. Binti akauliza kama ataona. Akaambiwa akipenda aagane naye, kisha aende ndani. Kisu kilinolewa upande wa pili wa nyumba, vifaranga wakaondolewa, bata akaelekezwa Kibla, Bismillahi, mara moja.

Mguu ule ulizikwa. Nyama iliyobaki binti hakutaka kuiona, na hakulazimishwa. Ilipelekwa kwa mama mmoja mjane jirani, akaelezwa ilikotoka, akaipokea kwa shukrani.

Yule kijana wa rungu ndiye aliyeshinda mchana ule akizungushia uzio nyuma ya nyumba, mbali na lami, akachimba na kishimo cha maji. Jioni binti alikuwa amechuchumaa hapo akiwahesabu vifaranga. Walikuwa bado sita.