Kwa Nini Pwani ya Chile Haitulii?

Jiografia tunafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tunaikariri tu ili tupite mtihani. Leo tuijaribu kwa lugha yetu. Somo ni zilzala, yaani tetemeko la ardhi, na mahali ni pwani ya Chile, kule Amerika Kusini.

Ganda la dunia si kitu kimoja. Limepasuka vipande vikubwa viitwavyo mabamba, na kila bamba husonga polepole. Chini ya bahari ya Pasifiki, mbele ya Chile, lipo bamba la Nazca. Mwamba wake ni mzito kuliko ule wa bamba la Amerika Kusini, kwa hivyo yakisukumana, Nazca huzama chini ya mwenzake kiasi cha sentimita 7 kwa mwaka. Mtu atauliza, ati mwendo wa konokono kama huo waweza kuangusha nyumba?

Naam, kwa sababu mabamba hayatelezi vizuri, yanakwama. Umewahi kuvuta droo ya meza iliyovimba kwa unyevu? Unavuta, unavuta, haiji. Halafu inakuja yote mara moja, na wewe chali! Ndivyo yalivyo mabamba. Pwani hukunjwa miaka na miaka, siku ikikwamuka ndipo ardhi hutikisika.

Tarehe 22 Mei 1960 ilikwamuka kusini mwa Chile, karibu na mji wa Valdivia. Kipimo kilikuwa 9.5, na hakuna tetemeko lililowahi kupimwa kwa mitambo likalishinda hilo. Mpasuko ulifika karibu kilomita 1000, kupita safari ya Mombasa hadi Kisumu. Bahati ni kwamba dakika 15 hivi kabla yake lilitangulia tetemeko dogo kuliko hilo. Watu wakatoka mbio, na nyumba zilipoporomoka wenyewe walikuwa nje.

Sasa chukua kalamu. Tetemeko kubwa namna hiyo mahali pale lilikuwa limetokea 1575. Toka hapo mpaka 1960 ni miaka 385. Zidisha kwa sentimita 7, utapata karibu mita 27. Na wataalamu wanakadiria kuwa mwaka 1960 mabamba yaliteleza zaidi ya mita 20 kwa wastani! Katikati, mwaka 1737 na 1837, kulikuwa na matetemeko mengine, lakini hayo yalipunguza deni tu, hayakulimaliza. Kwangu mimi hesabu hii inapendeza kuliko michoro yote ya kitabuni.

Ardhi ilipoinuka chini ya bahari ilisukuma maji. Bahari ikarudi nyuma kwanza, kisha ikaja kwa kishindo. Wengine waliokwisha kukimbilia vilimani walishuka kuchukua mali zao, wakidhani mambo yamekwisha, kumbe wimbi jingine lilikuwa njiani. Baada ya saa 15 hivi mawimbi hayo yalifika Hawaii, yakaua watu 61 katika mji wa Hilo, ingawa ving'ora vilikuwa vimelia saa kadhaa kabla. Huko Japani walikufa zaidi ya 130.

Lakini ukubwa wa tetemeko si ndio idadi ya maiti. Februari 2010 Chile ilipigwa tena, kipimo 8.8, wakafa watu 500 na kitu. Mwezi mmoja tu kabla, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, ambalo nguvu yake ni ndogo karibu mara 500, wakafa zaidi ya 100,000. Tofauti kubwa ni nyumba. Chile ina sheria kali za ujenzi. Haiti kuta zilikuwa za matofali ya saruji yasiyo na vyuma vya kutosha.

Je, pwani yetu? Mombasa na Lamu haziko kwenye mpaka wa mabamba. Ufa wetu uko bara, na ndio ulioitikisa Subukia mwaka 1928. Hata hivyo bahari haina ukuta. Tarehe 26 Desemba 2004 bamba lilikwamuka karibu na Sumatra, nchini Indonesia, na baada ya saa kadhaa mawimbi yakafika kwetu. Kenya watu waliondolewa ufuoni mapema, akafa mtu mmoja. Somalia walikufa karibu 300.