Moto wa Jioni na Pumzi ya Mtoto

Katika vijiji vya Mgeta, Bunduki na Nyandira, juu katika milima ya Uluguru, baridi huanza mara tu jua linapozama, hasa miezi ya Juni na Julai. Mama aliyerudi kutoka shamba la kabichi au njegere huwa hajamaliza siku yake: kuna maji ya kuchota, kuni za kupasua, maharage ya kuinjika na watoto wa kuogesha. Jamaa hukusanyika jikoni, kwa kuwa ndiko kwenye joto, na mtoto mchanga hulala mgongoni mwa mama yake au mapajani mwa bibi, karibu na mafiga. Saa hiyo ya kupumzika ndiyo pia saa ambayo hewa ya nyumba huchafuka zaidi.

Moshi wa kuni hubeba chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu na kudhoofisha kinga yake. Mtoto huathirika zaidi kwa kuwa mapafu yake bado yanakua, naye hupumua upesi kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5.

Mkaa nao hudhaniwa kuwa salama kwa sababu hautoi moshi mwingi. Lakini hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala huweza kufa bila kuamka. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata baridi iwe kali namna gani. Mablanketi na nguo nzito ndizo zitumike.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Wakati gesi na umeme vikisubiriwa, kila nyumba inaweza kufanya haya:

1. Maharage yalowekwe tangu usiku uliotangulia, na maji ya kulowekea yamwagwe. Yataiva upesi, na moto utawaka muda mfupi.
2. Kuni zikaushwe vizuri na kupasuliwa vyembamba, na chungu kifunikwe.
3. Jiko liwe na matundu mawili ya hewa yanayoelekeana, au bomba la kutolea moshi.
4. Kazi zigawanywe. Baba akipasua kuni na vijana wakichota maji, mapishi yatakwisha mapema. Wakati huo mtoto apakatwe na mtu mwingine, mbali na moshi.

Nyumba ikitulia, mzazi amtazame mtoto mwenye kikohozi kabla ya kulala. Ahesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia, naye apelekwe zahanati bila kuchelewa. Mtoto wa chini ya miezi 2 asisubiri hata kuche. Vivyo hivyo kwa mtoto wa umri wowote ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au kulegea sana: aondoke usiku huohuo.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Basi na makubaliano yafanywe mapema, mtoto angali mzima: nani atamsindikiza mama kushuka mlima usiku, nauli itatoka wapi, na kwamba yeyote aliyepo ana ruhusa ya kuamua. Mjomba apewe taarifa, lakini safari isimngoje.